Hammond wa Riwaya na Hammond wa Filamu

Katika riwaya ya Jurassic Park (1990), Michael Crichton anamsawiri John Hammond kama tajiri mwenye tamaa, anayewafufua dinosaria kwa ajili ya faida. Mwishowe anauawa na dinosaria wadogo aliowafufua mwenyewe. Mchimba kisima huingia mwenyewe. Filamu ya Steven Spielberg (1993) inamgeuza kuwa babu mpole, mwenye ndoto na majuto, anayeondoka kisiwani salama. Ajabu ni kwamba Crichton alishiriki kuuandika mswada wa filamu hiyo. Je, ni mhusika tu aliyebadilika? La hasha! Riwaya inamhukumu mwenye mali. Filamu inamsamehe, na lawama kubwa inamwelemea Nedry, mwajiriwa mwizi. Mhakiki anayehesabu matukio yaliyoachwa bila kuitazama hatima ya Hammond, dhamira itampita.