Njia ya Maji ya Newala

Mwezi uliopita tuliondoka Tandahimba alfajiri pamoja na watoto wetu, kwenda Newala kutazama mahali paitwapo Shimo la Mungu, na maskani ya wazee wetu waliokaa kandokando ya magenge. Mzee mmoja mwenyeji alikubali kutuongoza.

Alitufikisha ukingoni, akatuamuru tuwashike watoto mikono. Nchi ya juu ilikoma ghafula; chini sana tuliliona bonde la Ruvuma, na ng'ambo yake Msumbiji. Mtoto mmoja akauliza, "Babu, kwa nini wazee walikaa huku pasipo maji, na mto wanauona?" Sisi wakubwa tukacheka, maana neno hilo tulizoea kulisema wenyewe, tukiwadhania wazee kuwa wajinga.

Mzee hakucheka. Alitusimulia habari za mtu wa kwanza wa Wamakonde, aliyechonga sanamu ya mti, nayo ikageuka mwanamke. Watoto wao waliozaliwa karibu na mito walikufa. Aliyezaliwa huku juu porini akaishi. Ndipo wakausia watu wasikae penye maji makubwa. Hadithi hiyo aliiandika Karl Weule, Mjerumani aliyekaa Newala mwaka 1906.

"Bondeni kuna mbu na homa," akasema mzee, "tena ndiko walikopita wakamata watumwa." Nasi tukakumbuka ya kuwa Magwangwara walipoishambulia Masasi mwaka 1882, misheni nayo ilihamia Newala.

Kisha akatuonyesha njia nyembamba iteremkayo gengeni. "Hii ni njia ya wanawake," akasema. Waliteremka na mitungi mitupu, wakapanda nayo imejaa. Hapo tulinyamaza. Mama yetu alipita njia kama hiyo miaka mingi, hata nywele za utosini zikaisha kwa kata ya mtungi. Nasi tulipokuwa shuleni tulimwonea haya mbele ya wenzetu. Hatukumwuliza hata siku moja habari za njia ile, naye amekwisha kufa.

Siku hizi maji hupandishwa kwa mitambo, na njia imeota majani. Basi, wazazi na waalimu, aliye na bibi nyumbani na amwulize leo, watoto wakisikiliza.

Tulipokuwa tukirudi watoto waliomba maji. Wakanywa, wala hawakumwaga yaliyobaki.