Jibu nililolitoa kwa haraka

Ndugu msomaji, wiki hii naomba kukiri kosa nililolitenda ndani ya ukoo wangu, huenda likaiokoa familia nyingine.

Dada yangu mkubwa anaishi na mumewe na watoto wao mjini Columbus, jimbo la Ohio, Marekani. Aling'olewa jino, akapewa antibayotiki, na baada ya siku chache akaanza kuharisha. Vipimo vilionyesha bakteria aitwaye Klostridioidesi difisile. Allah (S.W.) ameyajaza matumbo yetu bakteria wengi wenye manufaa, nao ndio wanaomzuia mwovu huyu asitawale. Antibayotiki huwaua wema pamoja na wabaya, na yeye hubaki na uwanja mtupu. Dada alitibiwa kwa vankomisini, akapona, kisha maradhi yakarudi. Yalirudi tena. Akawa anaswali ameketi kitini karibu na mlango wa choo, na kila alipotawadha udhu haukudumu.

Hapo daktari wake akamtajia vidonge viitwavyo Vowst, vilivyoidhinishwa nchini humo mwezi Aprili 2023. Hutengenezwa kwa mbegu za bakteria wema zilizochujwa kutoka katika kinyesi cha watu wenye afya waliopimwa. Usiku ule dada alinipigia simu. "Mdogo wangu, wewe ndiye uliyesoma. Asili ya dawa hii ni kinyesi cha mtu. Niinywe?"

Sikumwuliza hata swali moja. Nilimjibu, "Najisi hailiwi, dada. Subiri, Allah ndiye Mponyaji." Akatii.

Wiki tatu baadaye alilazwa, mwili umekauka maji na figo zimeanza kulegea. Shemeji aliponipigia hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Shemeji, kabla ya kumjibu, wewe ulimwuliza nani?"

Swali hilo lilinipeleka kwa sheikh aliyenisomesha, baada ya swala ya Alasiri. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, je, ipo dawa tohara inayofanya kazi hiyo?" Nikasema sijui. "Daktari amesema nini?" Nikasema sikuuliza. "Basi ulitoa fatwa juu ya jambo usilolijua."

Akanikumbusha niliyoyasoma chuoni nikayasahau siku ya haja. Watu wa Urayna waliougua Madina walielekezwa na Mtume (S.A.W.) wanywe maziwa na mikojo ya ngamia. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii, ambao kwao mikojo hiyo ni najisi, waliichukua hadithi hiyo kuwa ni ruhusa ya matibabu, kwa sharti kwamba isipatikane dawa tohara ya kushika nafasi yake, na tabibu mjuzi, mwaminifu, athibitishe hivyo. Wapo wanazuoni wenye kauli nyingine, nao wana hoja zao. Lakini mimi sikupima kauli yoyote. Nilichukizwa na neno "kinyesi", nikaita chukizo langu hukumu ya dini.

Tulipopata maelezo ya daktari, mambo yakawa wazi. Dawa za kawaida zilikwisha kujaribiwa na maradhi yakarudi. Katika utafiti wa wagonjwa 182 uliochapishwa mwaka 2022, ndani ya wiki nane maradhi yaliwarudia takriban 12 katika kila 100 waliopewa vidonge hivyo, na 40 katika kila 100 waliopewa vidonge vitupu. Sheikh akasema anywe, akimtegemea Allah.

Ukazuka mtihani wa pili. Bei ya dawa hiyo ilizidi dola 17,000, na kampuni ya bima ya afya ikakataa kuilipia, ikidai kumbukumbu hazionyeshi kwamba maradhi yalirudi kwa vipimo. Nikataka kusimama siku ya Ijumaa niwaombe waumini mchango. Kwa kuwa ndimi mwandishi wa hesabu za msikiti, nilijua kwamba hata sanduku letu la mwaka mzima lisingetosha.

Shemeji alitangulia kudai haki. Sheria ya Marekani ya mwaka 2010 inampa mgonjwa aliyekataliwa siku 180 za kukata rufaa ndani ya kampuni. Hali ikiwa ya dharura, jibu hutolewa ndani ya saa 72, na akikataliwa tena anaweza kudai uamuzi wa wakaguzi wa nje walio huru. Kipimo kilichokosekana kilikuwa kimefanyika katika hospitali nyingine. Kikaambatanishwa na barua ya daktari, na idhini ikatoka dada angali katika vankomisini. Wakati huo una uzito wake, kwani vidonge hivi huanzwa siku 2 hadi 4 baada ya kumaliza antibayotiki. Bima ikichelewa, nafasi hupita.

Alikunywa vidonge vinne kila asubuhi kabla ya kula, kwa siku tatu. Huu ni mwezi wa nane, maradhi hayajarudi, na anaswali akiwa amesimama. Alhamdulillah.

Ndugu zangu, tutunze karatasi za vipimo kama tunavyotunza cheti cha ndoa. Tusinunue antibayotiki dukani bila ya kuandikiwa na daktari. Anayemhudumia mgonjwa wa namna hii anawe kwa maji na sabuni, kwani dawa ya mikono ya spiriti haiziui mbegu za bakteria huyu. Wala mtu asijaribu tiba hii nyumbani kwake, kwani kinyesi kisichopimwa huleta maradhi mengine. Na sisi tunaoitwa maustadhi, tujue kwamba kusema "sijui, nitauliza" ni sehemu ya elimu.

Nilipomwomba dada radhi, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nilikuuliza kwa sababu ninakuamini, na nitakuuliza tena. Ila siku hiyo, mdogo wangu, usinijibu usiku uleule."