Mmoja katika Hesabu ya Watu

Hapa Segese, mkoa wa Shinyanga, tuliwaandikia wanafunzi ubaoni hesabu kubwa: 61,741,120. Ndiyo jumla ya watu wa Tanzania katika sensa ya usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti 2022.

Mzee mmoja aliyemleta mjukuu wake alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, “Mwalimu, hesabu hiyo yaishia kwa sifuri. Hapo walikadiria tu.”

Neno lile lilituchoma. Mama yetu mzazi alihesabiwa nyumbani kwetu, na mwezi wa Oktoba mwaka ule ule tukamzika. Kama watu walikadiriwa, basi mama hakuwamo.

Tukamjibu, “Karibu, mzee, tupime pamoja.” Wanaume walikuwa 30,053,130, na wanawake 31,687,990. Mzee akacheka, maana sifuri zimekuwa tatu! Lakini hesabu mbili zikiishia kwa sifuri, jumla yake haina budi kuishia vivyo hivyo. Na hizo mbili kukutana kwa bahati ni mara moja katika mia. Si ajabu kubwa. Kisha tukaandika Tanzania Bara 59,851,347 na Zanzibar 1,889,773. Hapo hamna sifuri mwishoni, na jumla ni ile ile. Hayo hayathibitishi kwamba kila mlango ulibishwa hodi. Lakini yaonyesha kwamba sifuri peke yake si shahidi wa makadirio.

Ndipo tukaanza kuigawa. Ikagawanyika kwa 2 mara sita, tukapata 964,705. Tukagawa kwa 5, kisha kwa 7, kisha kwa 43, ikabaki 641, ambayo ni namba tasa: haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Wanafunzi wakazidisha zote tena, wakarudi pale pale tulipoanzia.

Binti mmoja akauliza, “Mwalimu, na tukimtoa mtu mmoja?”

Tukaandika 61,741,119. Tukajaribu 2, ikakataa; 5, ikakataa; 7, 43 na 641, zote zikakataa. Sababu yake ni hii: kitu kigawacho hesabu mbili zifuatanazo lazima kigawe na tofauti yake, nayo tofauti ni 1. Lakini 3, iliyokataa kwanza, sasa ikakubali: ni 20,580,373 mara tatu. Mtu mmoja ametoka kati ya mamilioni, na vigawo vyote vya kwanza, isipokuwa 1, vimetoka pamoja naye.

Mzee akautazama ubao kwa muda mrefu. Akasema, “Kumbe mmoja si kitu kidogo.” Akamshika mjukuu wake mkono, wakaenda zao.

Jioni tulilifungua daftari la nyumbani. Chini ya jina la mama tukaandika 61,741,120, hesabu ambayo bila yeye isingalikuwa hiyo.