Sari ya Mjomba

Watu wengi hudhani ya kuwa bibi arusi wa Kihindi huvaa nguo nyekundu, basi, yamekwisha. Hata mimi nilidhani hivyo mpaka mwaka 1972, nilipokuwa kijana wa miaka 14 mjini Jinja, nchini Uganda.

Baba yangu alikuwa karani wa reli. Karibu na nyumba yetu palikuwa na duka la Mgujarati mmoja, na mwanawe alikuwa rafiki yangu darasani. Siku moja akaniambia, "Dada yangu ataolewa mwezi wa Desemba. Mama atamletea panetari kutoka Mbale." Nikamwuliza, "Mama yako si yumo dukani? Amekwenda lini Mbale?" Akacheka mpaka machozi yakamtoka. Kumbe kwa Kigujarati "mama" siye mzazi. Ni ndugu mwanamume wa mzazi wako wa kike, yaani mjomba!

Basi nikafundishwa. Panetari ni sari ya hariri nyeupe yenye pindo jekundu, na kwa desturi ya Wagujarati mjomba ndiye amleteaye bibi arusi. Binti huja arusini amevaa sari hiyo ya kwao. Kisha hufunikwa gharchola, nguo ya miraba ya nyuzi za dhahabu itokayo kwa watu wa bwana arusi. Hata mgeni asiyejua neno moja la lugha yao huona kwa macho binti akitoka nyumba moja na kuingia nyingine.

Tangu siku hiyo nikaanza kutazama. Binti wa seremala Kalasinga, watu wa Punjab, alivishwa bangili nyingi nyekundu na nyeupe ziitwazo chuda, nazo zililetwa na mjomba. Binti wa karani Mgoa, Mkristo, alivaa gauni jeupe kanisani. Lakini kabla ya siku hiyo alikuwa amevishwa bangili za kioo nyumbani kwa mjomba wake. Huko India kwenyewe mambo ni mengi zaidi. Bibi arusi wa Bengal huvaa bangili nyeupe zilizochongwa katika kome la baharini. Wa Kitamil huvaa hariri nzito ya Kanchipuram. Na wengi wa Kerala huvaa nguo yenye rangi ya maziwa na pindo la dhahabu.

Mwezi wa Agosti mwaka ule Idi Amin akatangaza kwamba Waasia waondoke nchini katika siku 90. Darasani wengine walishangilia. Mimi nilinyamaza, wala sijivunii kunyamaza kwangu. Mjomba wa Mbale alipata nafasi ya ndege mapema, akaondoka, na panetari aliyoiagiza India haikufika. Arusi ikaharakishwa, ikafanywa mwezi wa Oktoba, katika nyumba iliyokwisha kufungwa mizigo.

Nilialikwa. Niliona mke wa mwenye duka akifungua sanduku la bati na kutoa panetari yake mwenyewe, hariri yake imegeuka rangi kama siagi. Alisema maneno machache, na rafiki yangu akanifasiria: "Hii nililetewa na mjomba wangu. Mjomba ni mjomba. Vaa, binti yangu." Bibi arusi akavaa. Hakuna aliyelia mpaka alipokwisha kuvaa.

Wiki mbili baadaye wakaondoka. Vito vyao vya dhahabu vilipotea katika njia ya Entebbe. Sari ile kuukuu hakuna aliyeitamani, nayo ikafika Uingereza salama.

Miaka mingi ikapita. Mwaka 1998 nikapata barua kutoka Leicester. Rafiki yangu aliandika ya kuwa binti wa dada yake anaolewa, naye amezunguka maduka siku tatu akitafuta panetari ya kumpelekea. Mwisho wa barua akaandika kwa Kiswahili chake cha Jinja: "Sasa mimi ndiye Mama." Safari hii mimi ndiye niliyecheka mpaka machozi yakanitoka.

Basi, ndugu vijana, mkimwona bibi arusi amependeza, msiulize nguo yake imenunuliwa kwa shilingi ngapi. Ulizeni imeletwa na nani.