Kilichookolewa Kisha Kikatupwa

Mwaka 1998, katika studio ya Pixar huko California, mtu alitoa amri ya kufuta kwenye kompyuta zilizobeba filamu ya Toy Story 2. Waliokuwa mbele ya skrini waliona kofia ya Woody ikitoweka, mara viatu, mara Woody mwenyewe. Walipokimbilia nakala za akiba, wakakuta hazikuwa zikinakiliwa sawasawa, na hakuna aliyekuwa na habari. Iliyowanusuru ni nakala iliyokuwa kwenye kompyuta ya nyumbani kwa Galyn Susman, mfanyakazi wa studio mwenye mtoto mchanga, aliyekuwa akifanyia kazi huko. Mashine ile ikaviringishwa kwa mablanketi na kurudishwa studio kwa gari.

Kisa hiki hupendwa na wanaohimiza watu kuhifadhi nakala. Mimi hunigusa zaidi yaliyofuata: baadaye studio haikuridhika na filamu, ikaisuka upya. Sehemu kubwa ya kilichookolewa ikawekwa kando.

Basi ile hekaheka yote ilikuwa bure? Sidhani. Walichokitupa walikitupa kwa hiari yao, wakiwa wamekitazama na kukipima.

Msiba wa faili hauna matanga. Diski inagonga tik, tik, tik, kisha kimya, na kompyuta inadai haijawahi kuiona. Hakuna jirani wa kuja kutoa pole. Tena hasara yenyewe haifiki siku hiyo. Huja miezi baadaye, mteja anapobisha deni na daftari lilikuwa humo. Huja siku ya arobaini, familia inapotaka sauti ya marehemu akicheka.

Mpigapicha Peter Krogh alieneza kanuni fupi: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae nje ya nyumba. Hiyo ya tatu ndiyo tunayoipuuza. Diski ya akiba inalala droo moja na laptopu, na mwizi akija anabeba vyote. Na kama Pixar walivyojionea, nakala isiyowahi kufunguliwa ni matumaini tu. Fungua faili mojawapo uone kama inasomeka.

Nakala haimzuii mtu kufiwa, wala haifanyi chochote kidumu milele. Ipo siku nitafuta picha nyingi nilizonazo, na madaftari ya biashara iliyokwisha. Ninachotaka ni kuyafuta mwenyewe, nikijua ninaaga nini, badala ya kuamuliwa na mwizi au umeme uliorudi kwa kishindo.