MUWAQQIT WA LEO: KAZI KATIKA MAKUMBUSHO NA MAJUMBA YA NYOTA



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Wapenzi wanafunzi na wazazi, kila mwaka tunapofunga madrasa mimi huulizwa swali moja: mtoto akihitimu, elimu hii itampeleka kwenye kazi gani? Jibu tulilolizoea ni ualimu, uimamu au ukadhi. Leo napenda niongeze kazi ambayo wengi hawaifikirii, nayo ni ile ya majumba ya makumbusho na majumba ya nyota.

Kazi hii si ngeni kwetu. Zamani misikiti mikubwa ilikuwa na mtu aitwaye muwaqqit, ambaye alipima jua na nyota ili watu wajue nyakati za Sala. Ibn al-Shatir alikuwa muwaqqit wa Msikiti wa Bani Umayya, Damascus, na mwaka 773 Hijria aliutengenezea mnara wa msikiti huo saa ya jua. Kwake yeye kutazama nyota ilikuwa ni kuitumikia Sala.

Jumba la nyota, yaani planetariamu, ni ukumbi wenye paa la kuba. Ndani yake mna mtambo unaorusha mianga midogo juu ya kuba, ukaiona mbingu ya usiku hata adhuhuri. Mtambo wa kwanza wa namna hii uliundwa na kampuni ya Zeiss na kuonyeshwa Munich, Ujerumani, mwaka 1923. Mtambo huo huweza kuupitisha mwendo wa mwezi kwa dakika chache tu, mwanafunzi akaelewa kwa nini hilali ya usiku wa kwanza ni nyembamba na huzama upesi baada ya jua. Nchi za Waislamu pia zinayo majumba haya, kama vile Kuala Lumpur na Sharjah. Anayeongoza maonyesho huhitaji fizikia, hisabati na ulimi fasaha.

Hapa kwetu Mombasa tuna Ngome, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 na Waomani wakaitwaa mwaka 1698. Waingereza waliifanya jela, na tangu 1962 ni makumbusho. Binti mmoja wa darasa langu alisema angependa kufanya kazi pale. Babake akanijia na kuniambia, "Maalim, tumemsomesha juzuu zote hizi aende akalinde vyungu?"

Nilimjibu, "Mzee wangu, vyungu havisemi. Husemewa. Na asipovisemea mwanao, atavisemea mwengine."

Akaniuliza kuhusu mavazi na kuchanganyika na watalii. Hilo ni swali la haki. Nilimwambia kila kazi ina mitihani yake, dukani na ofisini pia, na mwenye kuijua mipaka yake huichukua popote aendapo. Wala sikumficha kuwa nafasi ni chache na si kazi ya utajiri. Hakunipa jibu siku ile, lakini alinyamaza kwa kutafakari, si kwa hasira.

Tazameni Msikiti wa Kizimkazi, Unguja. Kiblani mna maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107. Tenzi nyingi za wazee wetu, zilizoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, zimehifadhiwa SOAS, London. Mtoto wa madrasa anayesoma herufi hizo na kuijua tarehe ya Hijria tayari ana nusu ya ufunguo. Nusu ya pili iko skuli.

Mfano mzuri ni Fuat Sezgin, mwanachuoni wa Uturuki aliyefariki mwaka 2018. Alisoma vitabu vya kale vya Kiarabu, akasimamia kuundwa upya kwa vyombo vilivyoelezwa humo. Vyombo hivyo vinaonekana katika makumbusho ya sayansi ya Kiislamu yaliyofunguliwa Istanbul mwaka 2008. Bila ya Kiarabu chake, vingebaki maneno karatasini.

Basi wanafunzi wangu, mwenye hamu na afanye haya. Ashike historia, fizikia na hisabati pamoja na Kiarabu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa mfano, hufundisha elimu ya mambo ya kale. Awaulize wazee majina ya nyota ambazo mabaharia wetu walisafiria, ayaandike kabla hawajaondoka nayo. Na jioni ya tarehe 29 ya kila mwezi, si ya Shaabani pekee, atoke nje aitafute hilali.

Nanyi wazazi, mtoto akitaja kazi msiyoijua, muulizeni kwanza kabla ya kumkataza. Huenda ndiye atakayewasimulia wajukuu zenu sisi tulikuwa nani.

Wabillahi tawfiq.