Mafuta Yaliyo Chini ya Ziwa



Mwezi Julai 2022 serikali yetu ilitangaza mnada wa vitalu 27 vya mafuta na 3 vya gesi. Kati ya vile vya mafuta, 11 vilikuwa katika bonde la Tanganyika. Habari ilipotufikia hapa Moba, sisi vijana wa jumuiya moja tulifurahi kama watu waliokwisha kupokea mshahara. Jioni tulikaa ufukoni tukigawana kazi: huyu dereva wa kampuni, yule mkalimani, mwingine mlinzi. Wenzetu wawili waliacha kushona nyavu zao, wakisema kuvua ndakala ni kazi ya wasio na bahati. Tulifika hata kugombana juu ya nani mwenyeji na nani mgeni.

Mvuvi mmoja mzee alitusikiliza, kisha akatuuliza: “Wanangu, maji ya ziwa hili hutokea wapi?” Tukamjibu: katika mto Lukuga, kule Kalemie. “Ni mlango mmoja tu,” akasema. “Basi uchafu ukiingia, utatoka lini?” Tulinyamaza. Nchi nne hutegemea ziwa hili, na kina chake hufika mita 1,470 hivi.

Baadaye ndipo tulipojifunza kwamba kutafuta mafuta si kuyapata. Kwanza hupimwa miamba kwa mitetemo, kisha huchimbwa kisima cha majaribio, na visima vingi vya namna hiyo hukutwa vikavu. Kwetu hata hayo hayakuanza: Oktoba 2024 mnada ulifutwa. Nyavu za wenzetu zilikuwa zimekwisha kuliwa na panya. Wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao.

Hatusemi kwamba mali ya ardhini ni laana. Huko Manono, katika jimbo letu hili, bati ilichimbwa tangu enzi za Wabelgiji, na leo inatafutwa lithiamu. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inatenga asilimia 15 ya mrabaha kwa mji, komini, sekta au usultani ulio na mgodi, na asilimia 10 kwa vizazi vijavyo. Mafuta nayo yana sheria yake ya mwaka 2015. Siku zile za furaha, hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amesoma lolote kati ya hayo. Tungedai nini?

Januari 2023, akiwa Kinshasa, Papa Fransisko aliwataka walimwengu waondoe mikono yao juu ya nchi yetu. Tulimpigia vigelegele. Hatukujiuliza mikono yetu wenyewe inafanya nini.

Minada mingine itakuja. Kabla haijaja, tujadiliane katika vikundi vyetu: Ni nani kati yetu atakayetusomea sheria? Ni swali gani tutakalomwuliza mgeni wa kwanza atakayefika na vipimo vyake? Na leo, je, nyavu zetu ni nzima?